Kupigwa sio kulipa: hatia, usaliti na toba kwenye The Kite Runner

Kuna sehemu kwenye The Kite Runner ya Khaled Hosseini ambayo ukishaisoma haikutoki kichwani, mtu mzima wa miaka 38 yuko sakafuni anapigwa na jamaa aliyevaa chuma vidoleni, mbavu zinavunjika, mdomo wa juu unachanika katikati, na badala ya kuomba msaada anacheka. Anacheka kweli kweli, na kadiri anavyocheka ndo anavyozidi kupigwa. Baadaye anatuambia mwili ulivunjika ila ndani alijisikia amepona. Wasomaji wengi wanafunga hesabu hapo hapo: alikosa utotoni, kipigo chake kakipata ukubwani, ngoma droo.

Mimi pia mara ya kwanza niliifunga hivyo. Niliporudi kuisoma mara ya pili hesabu ikanikataa, maana kurasa chache tu baada ya kile kipigo huyu huyu aliyepona anavunja ahadi kwa mtoto na mtoto nusura afe. Sasa kama deni lilishalipwa, hili jipya limetoka wapi? Nadhani tatizo ni kwamba tunachanganya vitu vitatu ambavyo riwaya yenyewe inavitenganisha vizuri sana, yaani kuumia kwa sababu ya kosa, kuadhibiwa kwa kosa, na kulipa kosa. Mtu anaweza kuumia miaka 26 na asilipe hata senti moja. Kama hujaisoma basi ujue nasimulia kila kitu hadi mwisho, toba ya mtu huwezi kuieleza ukaishia katikati.

Kwa kifupi sana. Kabul, miaka ya 70. Amir, ndiye msimulizi na ndiye yule wa kipigo, ni mtoto wa tajiri wa Kipashtuni, anaishi mtaa wa Wazir Akbar Khan kwenye nyumba kubwa na baba yake ambaye kila mtu, hata msimulizi, anamwita Baba tu. Nyuma ya nyumba kuna kibanda cha matope anakoishi Ali mtumishi na mwanae Hassan. Hao ni Wahazara, watu wenye sura za Kiasia zaidi, wengi wao Mashia, na kwa Afghanistan ile walikuwa ndio wa kubeba, kufagia na kutukanwa. Sio jambo la kubuni kwa ajili ya hadithi, vita vya Amiri Abdur Rahman dhidi yao mwaka 1891 hadi 1893 viliwaua na kuwahamisha kwa maelfu, na wengine waliuzwa utumwani. Amir na Hassan wamepishana mwaka mmoja, wote wamekosa mama, Amir wake alikufa akimzaa na Hassan wake alitoroka siku chache tu baada ya kujifungua, na wote wamenyonyeshwa na mama mmoja. Wamenyonya ziwa moja, na kwa watu wa dini yao hilo peke yake linatosha kuitwa ndugu. Hili la ziwa mliweke pembeni, nitalirudia.

Majira ya baridi ya 1975 kuna mashindano ya matiara, watoto wanakatana nyuzi angani hadi libaki moja. Amir ana miaka 12, anashinda, Hassan anakimbia kulifuata lile tiara la bluu la mwisho kukatwa, maana kulipeleka nyumbani ndio ushindi kamili na ndio kitu Amir anaamini kitamfanya baba yake ampende. Hassan analipata, halafu anabanwa kichochoroni na kijana mkubwa mshari anayeitwa Assef na wenzake wawili. Wanamwambia atoe tiara aende zake. Anakataa, tiara ni la Amir. Assef anambaka. Amir amefika, amesimama pembeni, anaona, anajua anaweza kuingia au kupiga kelele. Anakimbia. Baadaye Hassan anakuja na tiara, Amir anajifanya ndo kwanza anamtafuta, analipokea, na huko nyumbani baba yake anamkumbatia kama alivyokuwa anaota.

Huo ndio usaliti wa kwanza na ndio unaozungumzwa siku zote. Lakini mimi naona ule wa pili ni mbaya kuliko huo, na watu wanaupita haraka.

Angalia tofauti. Kichochoroni kuna mtoto wa miaka 12 anaogopa watu wakubwa kuliko yeye. Woga ule unaeleweka hata kama hauna heshima. Amir mwenyewe, akiwa anasimulia akiwa mkubwa, anakataa kujificha nyuma ya woga, anakiri kulikuwa na kitu kingine, kwamba alilitaka tiara na Hassan akawa ndo bei yake, na pale pale akilini likampitia lile neno la wakubwa, kwamba si Mhazara tu yule. Sawa, ni kibaya. Ila ni kitu cha dakika chache. Sasa wa pili. Miezi inapita, siku ya kuzaliwa Amir inafika anatimiza 13, anachukua saa aliyopewa zawadi na noti kadhaa, anasubiri Ali na Hassan watoke, anaingia kibandani kwao na kuvisukuma chini ya godoro la Hassan. Kisha anakwenda kumwambia baba yake ameibiwa. Hapa hakuna Assef. Hakuna anayemtisha, na muda wa kufikiri alikuwa nao usiku kucha. Na Hassan anapoulizwa kama aliiba anasema ndiyo, kwa sababu akisema hapana Amir ndo atakuwa mwongo. Yaani anamlinda tena, kwa mara ya mwisho. Baba, jambo ambalo Amir hakulitegemea kabisa, anasema amemsamehe, lakini Ali anakataa kubaki, wanabeba mizigo yao na mvua inanyesha, wanaondoka.

Kwa nini mtu anayejutia amfanyie hivyo yule yule aliyemkosea? Fundo lenyewe liko hapa na nadhani hata nje ya vitabu watu wengi linatutatiza. Tunafundishwa kwamba hatia ni ishara ya moyo mzuri, ukiona mtu anaumia kwa alichofanya basi ana utu. Kumbe kuna majuto ya aina mbili na yanaenda njia tofauti. Kuna yale yanayosema nimefanya jambo baya, hayo yanamwangalia aliyeumizwa, yanauliza atapona vipi. Na kuna yale yanayosema mimi ni mbaya, ambayo kwa Kiswahili ukweli wake ni aibu na sio hatia, hayo yanajiangalia yenyewe tu. Wataalamu wa saikolojia wanaitumia tofauti hii siku nyingi, na ukishaijua utaona Amir sehemu kubwa ya kitabu hana hatia ya kwanza, ana aibu. Aibu haitaki kurekebisha, inataka kujificha. Na kama mhanga wako anaishi hatua thelathini kutoka mlangoni kwako na kila asubuhi anakunyooshea nguo na kukuandalia chai, huwezi kujificha, kwa hiyo unachotaka ni aondoke yeye. Hassan hakufukuzwa kwa sababu Amir alimchukia, alifukuzwa kwa sababu alikuwa kioo.

Kabla ya saa kuna tukio la makomamanga ambalo linathibitisha hili. Wanapanda kilimani kwao walikozoea kukaa, Amir anaanza kumrushia Hassan makomamanga yaliyoiva, moja baada ya jingine, anamwambia nipige na wewe, nirudishie, nipige bwana. Hassan kalowa majimaji mekundu kama aliyepigwa risasi. Mwishoni anaokota komamanga, anamsogelea Amir, halafu analipasulia kwenye paji la uso wake mwenyewe na kumuuliza sasa umeridhika? Hebu lifikirie hilo. Amir anataka adhabu, ila anaitaka kwa ajili yake, ili alale usingizi. Na ili aipate anampiga tena yule yule. Anamwomba mhanga afanye kazi ya kumtuliza mkosaji. Watu wazima tunafanya hivi mno, mtu kakuumiza halafu anakuja kulia mbele yako mpaka wewe ndo unamfariji.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na usaliti ndo ulivyo, lazima mtu awe karibu ndo akusaliti. Assef hakumsaliti Hassan, Assef ni adui na alifanya ya adui. Ndio maana kitabu kizima kinamhusu Amir na sio Assef.

Sasa twende kwa Baba, maana bila yeye toba ya Amir haieleweki. Baba ana falsafa yake, amekaa na glasi ya wiski anamfundisha mwanae kwamba dhambi duniani ni moja tu, wizi, nyingine zote ni sura za wizi. Ukiua umeiba uhai, umewaibia watoto baba yao, ukidanganya umemwibia mtu haki yake ya kuujua ukweli. Ni hoja nzuri na inakaa kichwani. Halafu zaidi ya nusu ya kitabu tunakuja kugundua kwamba Baba ndo mwizi mkubwa kuliko wote: Hassan ni mwanae. Alilala na mke wa Ali, mtumishi wake aliyekua naye tangu utotoni kama ndugu. Ali kaibiwa mke, Hassan kaibiwa baba, Amir kaibiwa mdogo wake, na wote wakaibiwa ukweli. Wakati anatoa ile lecture ya wizi, mwanae mwingine yuko nyuma kule kwenye kibanda.

Baba naye aliumia, hilo riwaya haifichi. Alijenga kituo cha yatima kwa pesa zake, alikuwa mtoaji mkubwa, alimkumbuka Hassan kila siku yake ya kuzaliwa, mwaka mmoja akamletea daktari wa kumshona mdomo wa sungura aliozaliwa nao. (Mdomo ukapona vizuri kabisa, na majira yale yale ya baridi ulipopona ndo Hassan akaacha kutabasamu. Hosseini anaweza kukukata moyo kwa sentensi moja kama hiyo halafu akaendelea na hadithi kama hakuna kitu.) Rahim Khan, rafiki wa Baba na mtu pekee mwenye hekima mle ndani, anamwandikia Amir barua akisema mambo yote mema aliyofanya Baba yalikuwa njia yake ya kujikomboa, na kwamba ukombozi wa kweli ndo huo, hatia inapomsukuma mtu kwenye wema.

Hapa mimi na Rahim Khan tunapishana, pamoja na heshima zote. Wanaofundisha toba wanasema dhambi iliyo baina yako na Mungu ina masharti matatu, uiache, uijutie, na uazimie kutoirudia. Ila ikigusa haki ya mja mwenzako linaongezeka la nne, umrudishie haki yake au umtake radhi. Na Baba hilo la nne hakuligusa kabisa. Yatima wa Kabul hawakuwa wanamdai, aliyekuwa anamdai ni Hassan, na Hassan alichodai sio upasuaji wala zawadi, alichodai ni jina. Unadaiwa na jirani wa kulia unakwenda kumlipa wa kushoto, tena unalipa kwa ukarimu hadi mtaa mzima unakusifu, na deni liko pale pale halijapungua. Halafu kaburini unakwenda nalo, maana Baba anakufa kwa saratani ya mapafu huko California bila kusema neno.

Kwa hiyo Amir amerithi. Anapokimbilia Marekani na baba yake, wanatoroka Kabul mwaka 1981 baada ya Wasovieti kuingia mwishoni mwa 1979, wanapita Pakistan, sehemu ya safari wamefichwa ndani ya tangi la gari la mafuta, wanaishia Fremont ambako Baba aliyekuwa tajiri anafanya kazi kituo cha mafuta na wikiendi wanauza mitumba mnadani San Jose. Amir anaipenda Marekani kwa sababu ambayo ni ya aibu na anaisema wazi, kule hakuna anayemjua Hassan. Kwake ni mto wa kuzamishia dhambi. Anakuwa mwandishi, anaoa. Na siku posa yake inapokubaliwa kuna jambo dogo sana ambalo kwangu ni kati ya mambo makubwa ya kitabu. Soraya mchumba wake anaongea naye kwenye simu, anamwambia kabla hatujaoana nataka ujue, nilipokuwa na miaka 18 nilitoroka na mwanaume nikaishi naye karibu mwezi. Kwa jamii yao hilo ni la kumharibia mtu maisha. Anasema bila kuulizwa, maana hataki kuingia kwenye nyumba na siri. Amir anamwambia bado anataka kumuoa. Na ndani anamwonea wivu, kwa sababu yake imetoka nje imekwisha. Anafungua mdomo aseme na yeye ya kwake. Anaufunga. Miaka 15 mingine.

Pale ndipo nilipoanza kuona kwamba dhambi ya Amir, ukiichambua hadi mfupa, ni kunyamaza. Hakumpiga Hassan kichochoroni, alinyamaza. Hata ile ya saa ilihitaji anyamaze Hassan aliposema ndiyo niliiba, sentensi moja tu ya kweli ingebadilisha kila kitu. Hakuna mahali kwenye kitabu ambapo alipungukiwa nguvu za mwili zikaleta madhara, kila mara ni sauti iliyokosekana. Sasa kama kosa ni kunyamaza, kuvunjwa mbavu kunalipaje?

Juni 2001 Rahim Khan anapiga simu kutoka Pakistan, anaumwa, anamwambia njoo, bado ipo njia ya kuwa mtu mwema tena. Amir anakwenda Peshawar. Anasikia kwamba Hassan alirudi Kabul kulinda nyumba yao, kwamba Taliban walimkuta pale, wakasema Mhazara hawezi kuwa na nyumba kama hii, wakampiga risasi barabarani, na mkewe Farzana pia. Wamemwacha mtoto, Sohrab, yuko kituo cha yatima Kabul. Rahim Khan anamwomba akamchukue.

Na Amir anakataa! Hili watu wanalisahau. Anasema ana mke, ana nyumba, ana kazi, kwa nini asilipwe mtu mwingine akaenda. Ndipo Rahim Khan anatoa siri kwamba Hassan alikuwa ndugu yako wa baba mmoja. Amir anaondoka kwa hasira, anazunguka, anakunywa chai mahali, anarudi anasema nakwenda.

Sasa hapo ndo huwa nakwama. Damu nzito kuliko maji, sawa, lakini swali linabaki, je kama Hassan angekuwa kweli mtoto wa Ali, mtumishi tu, Mhazara tu, Amir angekwenda? Kitabu chenyewe kilishatuambia walinyonya ziwa moja, walicheza pamoja, neno la kwanza Hassan alilotamka lilikuwa jina la Amir. Yote hayo hayakutosha kumnyanyua kwenye kiti. Kilichotosha ni kugundua kwamba kumbe alikuwa wa kwetu. Wapo wanaosema huu ni udhaifu wa riwaya, kwamba Hosseini aliogopa kuacha wajibu ukasimama bila undugu wa damu. Mimi naegemea upande wa pili, naona anamwonyesha Amir alivyo, toba yake inaanza kwa sababu isiyo safi sana kama toba nyingi zinavyoanza. Ila nakubali hakuna mahali kitabu kinamuuliza Amir swali hilo uso kwa uso, na kilipaswa.

Anaingia Afghanistan na dereva Farid. Usiku wa kwanza wanalala kwa kaka yake Farid, Wahid, maskini wa kutupwa, na Amir anakuja kugundua kwamba chakula alichokaribishwa ndicho kilikuwa chakula cha watoto. Asubuhi kabla ya kuondoka anasukuma noti chini ya godoro. Ile ile! Mkono ule ule, godoro, pesa, hakuna anayemwona, miaka 26 imepita. Ni kitendo kile kile kimegeuzwa upande. Kwangu hii ina uzito kuliko kipigo kinachokuja, maana hapa hakuna anayempigia makofi na hakuna anayemuumiza, ameona njaa ya watoto wa mtu na akaijibu.

Halafu anamkuta Sohrab kwa ofisa wa Taliban, na ofisa ni Assef. (Ndiyo, ni bahati mbaya iliyopangwa mno, hata mimi niliguna. Kwenye nchi nzima ya watu mamilioni wamekutana tena haohao.) Assef anasema mtoto utamchukua ila tuna mambo yetu ya zamani. Anavaa chuma chake vidoleni. Kicheko kinaanzia hapo. Angalia nani anamwokoa nani, Amir amekuja kumkomboa mtoto lakini mtoto ndo anavuta manati, anamlenga Assef jicho la kushoto, linatoka. Zamani Hassan aliwahi kumnyooshea Assef manati hivyo hivyo kumlinda Amir, akamtishia kwamba ataitwa Assef wa jicho moja. Kwa hiyo tukihesabu vizuri Amir ameokolewa tena na ukoo ule ule aliousaliti. Mdomo wake uliochanika unashonwa, unabaki na kovu mahali pale pale Hassan alipokuwa nalo, na unaweza kusema ni malipo, sura kwa sura. Lakini ni malipo aliyoyapata yeye, Hassan hakupata kitu. Kicheko kile ni komamanga alilonyimwa Amir mwaka 1976, hatimaye kuna mtu kakubali kumpiga. Aibu imepoa. Haki ya mtu bado.

Na ndio maana yanakuja ya Islamabad. Sohrab, mtoto wa miaka kama kumi, kapitia aliyopitia, anamwomba Amir kitu kimoja, usinirudishe kituo cha yatima. Amir anaahidi. Kisha masuala ya viza na ubalozi wa Marekani yanakwama, hakuna vyeti vya vifo vya wazazi, mwanasheria anashauri labda mtoto akae kituoni kwa muda ndo aombewe kutoka huko. Amir anamwambia mtoto. Anamwambia kwa nia njema tu, kama mtu mzima anayepanga mambo. Usiku huo Sohrab anajaribu kujitoa uhai bafuni. Na kinachoumiza, wakati huo Soraya alikuwa ameshapiga simu kwamba njia nyingine imepatikana. Hospitali pale ndipo Amir anatandika shuka sakafuni na kusali, mtu ambaye hajasali zaidi ya miaka 15, hana hakika hata maneno yote anayakumbuka. Msomaji aliyefunga hesabu kwenye kipigo hapa anapata tabu, sijui anaiwekaje.

Niseme na lawama yangu. Hassan ni mwema kupita kiasi. Haulizi, hakasiriki, ile barua yake aliyomwandikia Amir miezi kabla ya kufa haina hata tone la kinyongo, inasema akirudi atamkuta rafiki yake anamsubiri. Amewekwa kama kafara, na kafara haina sauti. Uchungu wote wa Wahazara unakuwa ngazi ya Mpashtuni mmoja kupandia kwenye utu wake. Kitabu kinajua dhuluma ile, kinaisema kwa jina, lakini anayesimulia, anayelia na anayekua ni Amir peke yake. Inanifikirisha zaidi nikikumbuka kwamba Hosseini mwenyewe, aliyezaliwa Kabul mwaka 1965, akiwa mdogo alimfundisha kusoma na kuandika mtumishi wa Kihazara aliyefanya kazi kwao, wakati Amir anafanya kinyume, anamsomea Hassan hadithi na kumdanganya maana ya maneno asiyoyajua ili amcheke. Kana kwamba mwandishi alimpa mhusika wake lile ambalo yeye hakulifanya, aone linaishia wapi. Na dunia ya kweli nayo ikaongeza yake, sinema ya 2007 ilipokaribia kutoka ilibidi watoto wa Kiafghanistan walioigiza wahamishiwe Falme za Kiarabu kwa kuhofia usalama wao, kwa sababu ya lile tukio la kichochoroni, na sinema ikacheleweshwa kwa wiki kadhaa. Watoto tena ndo wakabeba mzigo wa hadithi ya mtu mzima.

Basi kama sio kipigo, deni linalipwa wapi? Mimi naona linaanza kulipwa kwenye simu, Islamabad, Amir anapomwambia Soraya kila kitu, kichochoro, saa, baba, vyote, yale aliyoshindwa kuyasema siku ile ya posa. Hakuna damu, hakuna muziki, ni mtu na simu tu. Halafu linaendelea mezani San Francisco. Sohrab ameshaletwa Marekani, hasemi, karibu mwaka mzima hatasema neno. Wakwe wamekuja kula. Baba mkwe ni Jenerali Taheri, mtu wa heshima zake, wa suti na saa ya mfukoni, anauliza mbele ya wote kwamba watu wataniuliza kwa nini kuna mtoto wa Kihazara anaishi na binti yangu, niwaambie nini?

Miaka 26 nyuma swali la namna hiyo lingemkuta Amir anaangalia sahani. Safari hii anamwambia mkwewe moja kwa moja kwamba baba yangu alilala na mke wa mtumishi wake, akazaliwa mtoto anaitwa Hassan, Hassan amekufa, na huyu ni mwanae Hassan, ni mtoto wa ndugu yangu, ndivyo utawaambia wakikuuliza. Kisha anaongeza kwamba asimsikie tena akimwita mtoto wa Kihazara mbele yake, ana jina, anaitwa Sohrab.

Meza yote kimya. Jenerali hajibu.